Ukurasa wa Kumi na Nne wa Gia ya Nne

Mama Risasi hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake, na hilo ndilo jambo la kwanza alilomwambia Katibu wa chama cha wapenzi wa pikipiki siku alipokuja kumwalika mkutanoni. Alidhani litamwokoa. Katibu, mwalimu wa hesabu mwenye helmeti kwapani na vumbi la safari mpaka kwenye kope, alicheka tu akavuta kiti.

"Mama, wapanda pikipiki tunao wa kumwaga. Tunakutafuta wewe."

Jina la Risasi hakulipata kwa bunduki, ingawa mdogo wake, aliyeishi naye nyumba moja, alipenda kuwaambia wageni kwamba dada yake alipigana vita viwili na vyote alishinda. Alilipata kiwandani. Tangu usichana wake alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa, enzi zile herufi zilipokuwa vijiti vya madini ya risasi, kila kijiti na herufi yake kichwani. Unaviokota kimoja kimoja kutoka kwenye sanduku la vyumba vingi, unavipanga mstari baada ya mstari, na vyote unavisoma kinyume, kama maandishi yaliyo kwenye kioo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusimama mbele ya sanduku lile. Wanaume kumi na mmoja walisimama pembeni, kwa adabu zao zote, wakingoja akosee.

Miongoni mwa kazi zilizopita mikononi mwake kulikuwa na gazeti moja la kila mwezi, *Gia ya Nne*, la wapenzi wa pikipiki. Kurasa ishirini na nne, jalada la rangi moja, picha ambazo ukimwona mtu huna hakika kama ana masharubu au ni wino. Liliishi matoleo thelathini na moja, kisha mhariri wake akahamia kwenye biashara ya mafriji na gazeti likafa bila kilio. Ilikuwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mama Risasi aliamini limekwisha kuzikwa pamoja na waliolisoma.

"Lizikwe na nani?" Katibu akasema. "Tuko mia moja na arobaini. Kila mwaka tunakutana, kila mtu na magazeti yake. Wengine wana pikipiki za enzi hizo, wengine hata baiskeli hawana, lakini *Gia ya Nne* wanayo."

Akatoa toleo moja kutoka kwenye begi, limefungwa ndani ya plastiki kama cheti cha ndoa. Alilifungua kwa ncha za vidole mpaka kwenye jedwali la vipimo, akaligeuzia upande wa mwenyeji wake.

"Magazeti mengi ya zamani, namba zake zimebanana, hujui ipi ya wapi. Lakini hapa kila namba imepewa nafasi ya kupumua. Fundi kalala chini ya injini, mikono grisi tupu, gazeti liko sakafuni hatua mbili kutoka kwake, na anasoma bila kuinuka. Nani aliwaza hivi? Tumebishana miaka, mama. Mpaka mwaka jana tulipopata toleo la mwisho kabisa, na ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo kama chawa, mhariri amemshukuru aliyepanga herufi. Jina lako."

Mama Risasi alilitazama jedwali lile na moyo ukamlainika, hakuna haja ya kuficha. Ni kweli aliwaza. Kabla ya kupanga jedwali la kwanza aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda gereji, akakaa juu ya tairi mchana kutwa kumwangalia fundi anavyosoma. Wenzake walimcheka wiki nzima. Ukiona vyaelea vimeundwa, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameona alivyoviunda.

"Atakayefurahi kuliko wote ni mwanzilishi wetu," Katibu akaendelea. "Tunamwita Fundi Goti. Goti lake la kulia halikunjiki, alianguka na pikipiki akiwa kijana. Hawezi kupiga kiki, basi watu wanamgombea, kila mtu anataka zamu ya kumwashia."

Kikombe cha Mama Risasi kikagonga kisahani. Mdogo wake akamtupia jicho.

"Alianguka lini?" akauliza Mama Risasi, ingawa mwezi na mwaka aliujua kuliko siku yake ya kuzaliwa.

Mgeni alipoondoka, pikipiki yake ikiunguruma mpaka kona ya mtaa, Mama Risasi alikwenda chumbani akafungua droo ya chini. Chini ya vitambaa vya meza ambavyo hakuna aliyevitumia, kulikuwa na bahasha iliyogeuka rangi ya chai. Mdogo wake alisimama mlangoni.

"Bado unayo hiyo," akasema.

"Ningeitupa wapi?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Katika toleo la ishirini na nane, ukurasa wa kumi na nne, kulikuwa na jedwali la kuchanganya petroli na oili, kwa zile pikipiki ndogo zinazokunywa vyote viwili pamoja. Sehemu ishirini na tano za petroli kwa sehemu moja ya oili. Mama Risasi alilipanga sawasawa, likakaguliwa, likapitishwa. Lakini asubuhi ya kuchapa, fremu ya chuma iliyobana herufi ilipokuwa inabebwa kwenda mtamboni, iligongwa, namba mbili zikadondoka sakafuni. Aliziokota mbio, mtambo umeshawashwa, wanaume kumi na mmoja wanatazama. Akazirudisha kama jicho la mtu wa kawaida linavyosoma, kushoto kwenda kulia, akasahau kwa nukta moja kwamba yeye kazi yake ni kusoma kinyume. Hilo ni kosa la mpanga herufi peke yake. Mwuza samaki hawezi kulifanya hata akitaka. Ishirini na tano ikatoka hamsini na mbili.

Oili nusu ya inayotakiwa. Pistoni inapata moto, inavimba, inang'ang'ania ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma linasimama ghafla pikipiki ikiwa kwenye mwendo.

Mhariri hakuwa na ofisi, hivyo barua za wasomaji zilikuja kiwandani, na aliyezipokea alikuwa yeye. Wiki tano baadaye ikaja bahasha yenye mwandiko wa kulalia upande. Aliifungua akiwa amesimama. Mistari mitatu ya kwanza ilisema: *Mheshimiwa Mhariri, injini yangu imekufa na goti langu limevunjika, na vyote viwili ni kwa sababu ya ukurasa wenu wa kumi na nne.* Hakusoma zaidi. Aliikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akaitia mfukoni mwa aproni, na tangu siku hiyo hakuikunjua tena. Mhariri hakuambiwa. Sahihisho halikuchapwa. Baada ya toleo lile gazeti likatoka mara tatu zaidi, likafa.

Alibaki kiwandani miaka thelathini na minne, na hakuna aliyepata kumwona akikosea tena. Watu walidhani ni kipaji. Ilikuwa hofu, na hofu ya namna hiyo haimpi mtu likizo.

"Dada," mdogo wake akasema, "watu wanakuita kukupigia makofi, wewe unataka kwenda kujishtaki? Sema unaumwa. Umri wetu huu nani atabisha?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo kimeshachelewa miaka hamsini. Kiache kiendelee na shughuli zake."

Lakini siku ilipofika walikwenda wote wawili, na bahasha ikiwa ndani ya mkoba uliobanwa chini ya mkono wa Mama Risasi kama inaweza kuruka.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule ya ufundi. Nje pikipiki za zamani zilikuwa zimepangwa safu mbili, kila moja imewekewa kipande cha boksi chini yake, maana injini ya enzi hizo isiyodondosha oili haiaminiki. Ndani kulikuwa na meza ndefu, na juu ya meza magazeti. Mama Risasi alisimama mlangoni. Alikuwa amezoea gazeti kama kitu cha kufungia vitumbua baada ya wiki. Hapa watu wazima, wenye mvi na vitambi na heshima zao, walikuwa wameinama juu ya karatasi wakiwa na miwani ya kukuzia. Mmoja alikuwa anafungua kurasa kwa kisu cha siagi. Wengine wawili walibishana, karibu kushikana mashati, kama taa iliyo kwenye jalada la toleo la tisa ni ya kiwandani au mwenyewe aliibadilisha. Bibi mmoja alinusa ukurasa macho yamefumbwa, akampa jirani yake anuse.

Katibu aliwatembeza. Alieleza kwamba wao hawalithamini gazeti safi. Gazeti safi waliliita la sebuleni, nalo lilikuwa halina bei. Lenye thamani ni la gereji: lenye alama za vidole vya oili, lililokatika kona, lililowahi kukaliwa na spana. Na kila aliyefuata maelekezo ya ukurasa fulani na kazi ikakubali, alikuwa anaandika pembeni kwa penseli: *Nimejaribu. Ni kweli.* Kisha tarehe. Gazeti likiuzwa au likirithiwa, mwenye kulipokea anaongeza lake. Mama Risasi alionyeshwa ukurasa mmoja wa kurekebisha breki wenye miandiko kumi na mmoja, wa kwanza wa penseli iliyofifia, wa mwisho wa wiki iliyopita.

Aliisoma yote kumi na mmoja. Katika maisha yake alipanga vitabu vya sheria, vya dini, hotuba za wakubwa. Hakuna aliyewahi kuandika pembeni kwamba amejaribu.

Ndipo akaomba toleo la ishirini na nane. Akaletewa manne, kutoka kwa watu wanne. Akafungua ukurasa wa kumi na nne, mmoja baada ya mwingine. Katika yote manne, hamsini na mbili ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake imeandikwa ishirini na tano.

"Nani aliwaambia?" akauliza.

"Fundi Goti," Katibu akasema. "Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na pikipiki ya wiki tatu. Alilala miezi mitatu na plasta. Akawaandikia gazeti, hakujibiwa. Sasa unakumbuka ile safu ya *Marafiki wa Barabarani*, wasomaji walikuwa wanachapisha anwani zao? Akawaandikia wote, mmoja mmoja, kwa mkono. Barua themanini na sita. Rekebisha ukurasa wa kumi na nne, na umwambie mwenzako. Wakamjibu. Goti lilipopona nusu akaanza kuwatembelea. Chama chetu kilianza hivyo, mama. Bila kosa lile tusingejuana."

Alisema hivyo akitabasamu, na mdogo mtu akambonyeza dada yake ubavuni kana kwamba anasema, umeona? Lakini Mama Risasi hakufarijika. Alikuwa anamwaza kijana mwenye mguu ndani ya plasta akiandika jambo lilelile mara themanini na sita, kwa sababu ya barua moja iliyokuwa kwenye droo yake.

"Na gazeti halikumjibu kabisa?"

"Barua ilipotea posta. Fundi Goti alimnunia karani wa posta wa mtaani kwao mpaka karani akastaafu."

Fundi Goti mwenyewe alikuwa ameketi meza ya mbele, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda, mzee mkavu mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alipomwona Mama Risasi alijaribu kuinuka, naye akamzuia.

"Dada," mzee akasema, "majedwali yako nimelala nayo na kuamka nayo. Karibu sana."

Katibu akagonga meza, ukumbi ukanyamaza. Akamtambulisha mgeni, na watu mia na ushee wakasimama wakapiga makofi, si yale ya adabu, bali ya watu waliomtafuta mtu muda mrefu wakampata. Yalidumu. Mama Risasi alifahamu kwamba akikaa kimya dakika tano tu, akashukuru, akala, akarudi nyumbani, makofi haya yatakuwa yake mpaka kaburini. Mdogo wake alimkazia macho: kaa, dada, kaa.

Akafungua mkoba.

"Nashukuru," akasema. "Lakini barua haikupotea posta."

Akaiweka bahasha mbele ya Fundi Goti. Kisha akasema yote, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekagua karatasi ya majaribio kabla ya kuchapa: namba zilizodondoka, mikono iliyowahi, wanaume waliokuwa wakingoja akosee, mfuko wa aproni, droo. "Niliogopa watanifukuza," akamalizia. "Nikaona bora niwe mwongo kuliko niwe yule mwanamke aliyekosea. Goti lako ni kazi ya mkono wangu, kaka. Na ukimya ule pia ni wangu."

Fundi Goti aliichukua bahasha, akautazama mwandiko wake wa ujanani kwa muda, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani akijaribu kukumbuka ni wa nani.

"Yule bwana wa posta," akasema hatimaye, "alipofariki sikwenda hata mazikoni. Hilo litaniuma, dada, sitakudanganya." Akaigusa bahasha kwa kidole. "Barua uliisoma?"

"Mistari mitatu."

"Na nyuma?"

"Nyuma kuna nini?"

Fundi Goti akamtazama sana. "Mtu anasoma herufi kwa kinyume miaka thelathini," akasema, "akashindwa kugeuza karatasi." Akamrudishia. "Soma. Kwa sauti, na hawa wasikie. Mimi miwani yangu nimeiacha."

Miwani ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, na ukumbi mzima uliiona.

Mama Risasi aliikunjua karatasi. Mikunjo ilikuwa imekauka, akaifungua taratibu isije ikakatika. Mbele ilikuwa ndefu na ya hasira, na alisoma yote: injini, barabara, hospitali, bei ya pistoni. Kisha akaigeuza.

"*Nina ombi moja,*" akasoma. "*Tafadhali msimfukuze aliyelipanga jedwali hili. Nimelibandika ukutani mbele ya kitanda, na ninalisoma vizuri bila kuinuka, na sasa hivi kuinuka siwezi. Aliyekumbuka kwamba msomaji anaweza kuwa mbali hawezi kuwa mzembe. Mkono uliteleza tu, kama gurudumu langu. Wekeni sahihisho, na yeye mpeni salamu zangu.*"

Alisoma mpaka kwenye sahihi. Halafu akakaa akalia mbele ya watu, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Miaka hamsini na ushee salamu zilikuwa zake, ziko chini ya vitambaa vya meza. Mdogo wake akampa leso.

Fundi Goti alimwacha amalize. Kisha akainama, akatoa kwenye mfuko wa ngozi toleo lake mwenyewe la ishirini na nane. Lilikuwa la gereji hasa, jalada limeng'oka, na pembe nne za ukurasa wa kumi na nne zilikuwa na matundu ya misumari. Akalifungua na kumsogezea.

Pembeni kulikuwa kweupe. Hamsini na mbili ilikuwa imesimama palepale alipoiweka, haijakatwa.

"Wote niliwaambia warekebishe," Fundi Goti akasema. "La kwangu sikuligusa. Nilisema kosa la chapa hurekebishwa na mwenye chapa, nitangoja. Wakaniona mkaidi." Akatoa penseli nyuma ya sikio. "Haya, dada. Kazi yako hiyo."

Mama Risasi alifuta macho, akavaa miwani. Akakata hamsini na mbili kwa mstari mmoja, safi, kama alivyofundishwa. Juu yake akaandika mbili, kisha tano. Akasita, akazisoma kushoto kwenda kulia, akazisoma kulia kwenda kushoto, akamwita mdogo wake azisome, akamwita na Katibu, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu. Watu wakaanza kucheka, na yeye pia. Chini yake akaandika tarehe ya leo na jina lake lote.

Fundi Goti akaichukua penseli. Aliandika pole pole, mwandiko uleule wa kulalia upande, kisha akamrudishia gazeti.

*Nimejaribu. Ni kweli.*

Mama Risasi alisoma maneno hayo mara mbili. Halafu akageuza ukurasa, kuona kama nyuma yake kuna kitu.